Riwaya za ukoo, asili na majini: leteni majina, naanza na zangu

BINT MKOMANI (Lamu)

Assalamu alaykum wadau.

Binti wa dada yangu amemaliza kidato cha nne, yuko hapa Amu, yaani Lamu, akisubiri matokeo, na riwaya za mtihani amezisoma mpaka zimemtoka puani. Juzi akaniambia, "Khalati, nataka kitabu chenye majini lakini kisiwe cha kitoto." Nikamwandikia orodha, kisha nikaona kuificha ni choyo. Basi nawawekea hapa, nanyi mtie zenu. Sharti langu: ziwe za miaka hii yetu, tuseme kuanzia 1990 kuja huku, na ndani yake pawe na familia, pawe na mtu anayejiuliza yeye ni nani hasa, na pawe na jambo lisiloonekana kwa macho.

Kipimo changu ni hiki, mje mnipinge. Mtoe jini kitabuni, au mzimu, au laana, kisha utazame kisa kimebaki vipi. Kikibaki wima kama hakijaguswa, jini yule aliwekwa kwa mapambo. Kwenye riwaya iliyoiva, ukimtoa jini familia yote inaporomoka, maana yeye ndiye aliyebeba lile ambalo wenye nyumba hawalitaji.

Na watu wa hapa sidhani wanahitaji kufundishwa hili. Nyumba zetu za mawe zina kile chumba cha ndani kabisa, nyumba kati, kilichokuwa cha mambo ya uzazi na cha kuandalia maiti. Bibi yangu mpaka leo, usiku wa kuamkia Ijumaa, hupitisha chetezo cha ubani nyumba nzima, kila pembe, hata chooni. Akifika mlango wa chumba kile husimama, akakiinua chetezo mpaka kwenye kizingiti cha juu, akakishusha taratibu, akapita. Hasemi neno. Ukimuuliza atakwambia anafukuza mbu. Mbu gani hao wa Alhamisi peke yake? Mwandishi anayeelewa kimya cha namna ile ndiye ninayemtafuta.

Wa kwanza basi ni Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, na kitabu chake The House of Rust, cha 2021. Aisha ni msichana wa Kihadhrami, asili yao Hadhramaut ya Yemen, baba yake mvuvi, na siku moja baba haonekani. Anaingia baharini kumtafuta kwa chombo cha mifupa, na anayemwongoza ni paka anayesema. (Watu wa Amu hapa mtacheka, sisi paka tunaishi nao kama wapangaji wasiolipa kodi.) Huko baharini kuna viumbe vya kutisha kwelikweli na wengi husifu sehemu hiyo. Mimi kilichonikamata ni baada ya hapo, nchi kavu. Bibi anamtaka mjukuu aolewe atulie, kunguru wa Mombasa wana maneno yao, na msichana aliyeyaona yale aliyoyaona anatarajiwa arudi kuwa kama hajaenda popote. Mtoe paka na wale viumbe, utabaki na posa tu. Ila kwa jinsi kilivyoandikwa, posa ile inatisha kuliko papa. Kilipata tuzo ya Graywolf Press Africa kikiwa bado mswada, na 2022 kikawa cha kwanza kabisa kupewa tuzo ya Ursula K. Le Guin. Tuzo mimi huwa hazinibabaishi, lakini hii ilikuwa haki yake.

Wa pili ni wa nyumbani zaidi, ingawa aliyemwandika si wa huku. Yvonne Adhiambo Owuor, The Dragonfly Sea, 2019. Kisa kinaanzia Pate. Ayaana ni mtoto asiyemjua baba yake, na mama yake, Munira, ni mwanamke anayesemwa kisiwa kizima. Muhidin ni baharia aliyezeeka na kurudi kisiwani. Mtoto yule anamwendea na kumwomba awe baba yake. Hamsubiri mtu amtafutie! Nimeirudia sehemu ile sijui mara ngapi. Baadaye wanakuja Wachina na habari za mabaharia wa Zheng He, amiri wa Kichina wa karne ya 15, waliozama huku na wengine wakaoa kwetu, na Ayaana anapelekwa Uchina kwa kuwa eti ni mzao wao. Msichana aliyejichagulia baba sasa anachaguliwa babu na serikali mbili. Hadithi ya chombo cha Kichina kilichovunjika sisi tumekua nayo, nenda Siyu au Shanga hutakosa mtu wa kukusimulia.

Kasoro zake: kirefu, na akishaondoka kisiwani mwendo unapungua, kuna kurasa nilizipepesa. Na uganga wake ni mwepesi, zaidi ni ndoto, upepo na harufu. Kwa kipimo changu kinapita kwa shida. Lakini hujasoma bahari ya Pate ikiandikwa hivi mahali pengine.

Wa tatu, Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, Kintu. Kilitolewa Nairobi na Kwani Trust mwaka 2014. Mwaka 1750 mtu mkubwa wa Buganda yuko safarini, anampiga kofi kijana aliyemlea, kijana anakufa. Baba mzazi wa kijana anatoa laana. Kisha unahamishiwa mwaka 2004, vizazi vimepita, ukoo umetawanyika, na kila mmoja ana ugonjwa wake wa akili, kifo chake cha ghafla, ndoto yake isiyomwacha, na wengi hawajui hata kwamba ni jamaa. Mwandishi hakwambii kama ni laana au ni maradhi ya kurithi. Anakupa vyote viwili na anakuacha navyo. Hiki ndicho bingwa wa orodha yangu.

Haya, mje.

MWANA WA GEDE (Malindi)

Shukran Bi Mkomani. Kintu nimekisoma, na nashangaa hukutaja kinavyoanza. Mtu anaitwa mwizi barabarani na kundi la watu linamuua, asubuhi tu, kabla hujajua yeye ni nani. Mimi nilifunga kitabu pale nikakaa siku kadhaa bila kukigusa.

Sababu ni kwamba hapa kwetu kaunti ya Kilifi mnajua yanayotendeka. Mzee akiwa na mvi na macho mekundu, na shamba lenye hati, mjukuu au mtoto wa ndugu anaanza kusema babu mchawi. Baadaye mzee anakutwa amekatwa mapanga. Ukichimba unakuta ni ardhi. Kwa hiyo nikiona uzi wa "riwaya za uchawi na familia" moyo kwanza unashtuka. Sisemi zisisomwe. Nasema kipimo chako kina upande wa pili: mwandishi akimweka mchawi, nataka kujua nani amemwita mchawi, na anayemwita atapata nini mzee akiondoka.

Halafu kuna kitu kinanikera. Tunao vigango, nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wafu wetu. Mzee wa chama cha Gohu akifa, baadaye roho yake inaweza kumjia mtu wa familia ndotoni kudai kigango, na kinachongwa kwa mti mgumu na kusimikwa, na hakitakiwi kuhamishwa hata boma likihama. Watu wakaja kuviiba wakaviuza kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Kuna familia iliyoibiwa viwili mwaka 1985, na kwa miaka yote ile ukame, maradhi na misiba ya pale bomani waliihesabu kuwa imetokana na wizi ule. Vilirudishwa 2007. Niambieni, hiyo si riwaya? Ukoo, asili, na mzimu ulioko ng'ambo ndani ya kabati la kioo unapigwa picha. Anayeiandika simjui. Nikimpata nanunua nakala kumi.

KIPANGA WA NG'AMBO (Unguja)

Nawasoma kimyakimya lakini hapa nitasema. Uzi wa Kiswahili, wachangiaji Waswahili, vitabu vyote Kiingereza. Ndugu zangu!

Said Ahmed Mohamed kaandika Babu Alipofufuka tangu 2001. K ni mkubwa serikalini, amekula akashiba, gari, jumba, kila kitu, na babu yake aliyekufa anamfufukia kuja kumwonyesha nchi aliyoisahau. Babu na mjukuu, hiyo si familia? Mtu aliyejisahau ni nani, hayo si maswali ya asili? Na kwa kipimo cha Bint Mkomani, ukimtoa babu kitabu kinabaki na jalada. Tena maiti yule ana hoja kuliko mawaziri walio hai.

Kisha Kezilahabi, Allah amrehemu aliyetutangulia mwaka 2020. Nagona (1990) na Mzingile (1991). Vyembamba, unaweza kuvimaliza baina ya Alasiri na Isha, lakini vitakukaa kichwani mwaka mzima. Humo mtu anasafiri katika nchi iliyoharibika, wafu wanazungumza, muda haukai mahali pake. Sitadanganya kwamba nimeelewa kila ukurasa. Nilipokuwa chuo tulikuwa tunagombana usiku kucha juu ya Nagona, na aliyekuwa anapiga kelele zaidi tuligundua hajakisoma.

BINT MKOMANI (Lamu)

Kaka Kipanga, umenibana na haki yako. Babu Alipofufuka naingiza. Nagona kwa mtoto wa miaka kumi na nane hapana, atakimbia Kiswahili moja kwa moja. Akishakomaa.

Mwana wa Gede, hayo ya kuuliza nani anapata nini mzee akiondoka nimeyachukua. Ukiyapeleka kwenye The House of Rust yanafanya kazi pia: bahari ina majitu lakini anayetaka kumwamulia Aisha maisha yake yumo ndani ya nyumba, na anampenda kweli.

LANGONI 2 (Lamu)

Mimi naona tunapotea. Vijana wetu tunawapa vitabu vya mizimu na laana badala ya elimu. Hii ni milango ya shirki. Tuogope.

BINT MKOMANI (Lamu)

Maalim, nasihi yako naipokea kwa adabu. Ila majini wametajwa kwenye Qur'ani, wana sura yao kabisa, ya 72, hatukuwaleta sisi wala waandishi wa riwaya. Kusoma kisa cha mtu anayemwogopa jini si kumwabudu jini. Na utenzi wa Fumo Liyongo tuliufundishwa na nani kama si nyinyi? Shujaa hauliwi na silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa, tena akifa anabaki amepiga goti mwenye upinde mkononi mpaka watu wa mji wanaogopa kwenda kisimani. Ukoo, khiyana na ajabu, vyote pale. Hatujaanza leo.

LANGONI 2 (Lamu)

Liyongo ni turathi, hilo ni jambo jingine.

BINT MKOMANI (Lamu)

Haya Maalim. Na hizi zikifika miaka mia mbili zitakuwa turathi.

JAHAZI LA JIONI (Mokowe)

Wakuu mwenye pdf aweke.

MWANA WA GEDE (Malindi)

Mkuu, mwandishi ametumia miaka, wewe unataka kwa bando la jioni. Nenda maktaba.

MUUGUZI MSOMAJI (Malindi)

Habari za usiku wote. Mimi nina mawili ya kuongeza na onyo moja.

The Famished Road cha Ben Okri, Nigeria, kilipata tuzo ya Booker 1991. Azaro ni mtoto wa mizimu, wale wanaozaliwa na kufa na kuzaliwa tena. Wenzake wa upande ule wanamwita kila siku arudi. Yeye amechagua kubaki, na sababu mojawapo ni kwamba alitaka kumfurahisha yule mwanamke mwenye uso wa mateso ambaye angekuwa mama yake. Baba ni kuli anayebeba mizigo, mama anachuuza vitu vidogo juani, kodi ya nyumba haijalipwa. Mizimu inaingia na kutoka chumba kimoja cha kupanga kama wateja. Kinachosha, nakubali, kina mambo mengi yanayojirudia. Lakini nafanya kazi wodi ya watoto na nimeona mama anavyokaa na mtoto ambaye hajulikani anabaki au anakwenda. Anamshika kidole cha mguu. Si mkono, kidole cha mguu, kwa sababu mkononi kuna mpira wa dripu. Okri amewaelewa akina mama hao.

La pili, Freshwater cha Akwaeke Emezi, 2018, pia wa Nigeria. Hapo mizimu wenyewe ndio wasimulizi, wanakaa ndani ya msichana aitwaye Ada na wanasema "sisi". Kwa habari ya mtu ni nani hasa, sijasoma kingine kilichokwenda mbali hivi. Kipimo chako Bi Mkomani hapa hakiwezi hata kutumika, ukiwatoa mizimu hakuna wa kusimulia.

Onyo: Freshwater kina ubakaji na kujikatakata. Usimpe binti wa dada yako peke yake bila kukaa naye. Si kwamba ni kibaya. Ni kwamba kuna umri na kuna hali, na wewe unamjua, sisi hatumjui.

KIPANGA WA NG'AMBO (Unguja)

Mbona hamkumtaja Abdulrazak Gurnah, au kwa kuwa ni wetu?

Paradise cha 1994 sasa kipo kwa Kiswahili, kinaitwa Peponi, kafasiri Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota 2022. Yusuf anapelekwa kwa "ami Aziz" na baadaye anang'amua kwamba huyo si ami wala si chochote, yeye mtoto kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Majini hamna, kuna uvumi tu wa wasafiri juu ya watu wa ajabu wa bara. Lakini kwa yaliyofichwa ndani ya nyumba hana mpinzani. Na mkitaka pepo, basi Afterlives, 2020. Vita vya Wajerumani, watu wametawanywa, mmoja kaenda asirudi, na miaka mingi baadaye mtoto aliyepewa jina lake anaanza kusikia sauti. Familia inaita mwanamke wa kutoa pepo. Mnaona? Mjomba hajulikani aliko, hakuzikwa, hakuulizwa, basi anauliza mwenyewe kwa mdomo wa mtoto.

MWANA WA GEDE (Malindi)

Hapo umenimaliza. Ni kigango kilekile. Aliyekufa anadai.

Nami nitie la nyumbani: Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, mtu wa Ribe, Kilifi hii hii. Dzombo anahukumiwa na kutupwa angani anafika nchi ya watu waliojikomboa. Marehemu alikuwa msomi wa jamii na aliwekwa kizuizini mwaka 1986 kwa msimamo wake, kwa hiyo hakuandika kwa kubahatisha.

BINT MKOMANI (Lamu)

Walenisi naipenda, kaka, lakini ile ni siasa na safari, familia imo kwa mbali. Ukiitia kwenye orodha hii unaionea. Ifungulie uzi wake, nitakuja.

Naona hakuna aliyemtaja Jokha Alharthi wa Oman, Celestial Bodies. Tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya Man Booker International 2019. Dada watatu katika kijiji cha al-Awafi, na mmoja wao, Mayya, anamwita bintiye London, wanawake wa kijiji wanashika vichwa. Mume wa Mayya kalelewa na Zarifa, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa baba yake. Mama mzazi wa mume huyo alikufa akiwa mzazi mchanga, na kila mtu ana tafsiri yake: majini, sumu, maradhi. Hakuna anayemjibu mtoto yule, anazeeka na swali lake. Zarifa anapeleka chakula kwa jini wa wanawake waliojifungua, kuna ngoma za zar za kupunga pepo, kuna habari za biashara ya watumwa ambazo wenye nyumba hawapendi zitajwe. Mtu wa Lamu akisoma kitabu hiki haoni Oman, anaona upande wa pili wa mlango wake. Sisi nasi tuna mitaa ambamo kila mtu anajua babu wa nani alikuwa nani kwa nani, na posa hukataliwa kwa sababu isiyosemwa. Nilimpa rafiki yangu mmoja, akanirudishia bila kuniangalia usoni. Sikumuuliza.

MUUGUZI MSOMAJI (Malindi)

Hicho nakitafuta kesho. Sasa binti aanze na kipi?

BINT MKOMANI (Lamu)

The House of Rust, kwa kuwa ni msichana wa pwani na paka atamvuta. Halafu Babu Alipofufuka asije Kaka Kipanga akanifuata mpaka Amu. Kintu cha tatu. Celestial Bodies nitampa akishakwenda chuo. Freshwater tutakisoma pamoja, mimi na mama yake, Inshallah.

Shida ni kuvipata. Hapa mjini vitabu vya namna hii ni vya kubahatisha. Mimi huagiza Mombasa au Nairobi, vinakuja na basi mpaka Mokowe, vinavuka na boti, na mara moja vilifika vimelowa upande mmoja. Kintu changu kurasa za mwisho zimevimba lakini zinasomeka.

JAHAZI LA JIONI (Mokowe)

Bi mkubwa, vikifika Mokowe mimi ndiye navusha mizigo. Nitaviweka juu, chini ya turubai. Ila hicho cha paka nikisome kwanza njiani.

BINT MKOMANI (Lamu)

Kisome. Ukikilowesha unanunua kingine.